Mguu wa Irmtrud

Kijijini kwetu, huku milima ya Eifel, Ujerumani, mtoto hubatizwa asubuhi na mchana hupelekwa kwenye barabara ya mbio za magari kutazama watu wazima wakibamiza uzio. Irmtrud Zilles alikulia humo. Lakini kwa miaka thelathini na moja aliendesha gari la keki la duka la mikate, na keki ya krimu haitaki ubabe. Mguu wake ulijua breki ya aina moja tu: kuigusa mapema, kwa adabu, kisha kukandamiza mwishoni.

Alipostaafu alitaka kitu kimoja: kushindana katika mbio za klabu za Septemba. Nafasi ilibaki moja. Klabu ikasema ni yake, mradi mkufunzi Ewald Thelen atie saini leo kwamba anaweza. La sivyo inakwenda kwa Gangolf, shemeji ya Irmtrud.

Leo ni siku ambayo kila mwenye gari anaruhusiwa kuingia kwenye barabara hiyo ya mbio.

"Bi Irmtrud," Ewald alisema baada ya mizunguko mitatu, "tumepitwa na basi la watalii."

"Lilikuwa na haraka."

"Dereva ametupungia mkono! Sikiliza. Unaanza kama unambembeleza paka, halafu ukishaingia kwenye kona ndipo unakanyaga. Tairi haliwezi kazi mbili kwa mpigo, breki na kona. Kanyaga kwa nguvu zote mwanzoni, usukani umenyooka, kisha achia kidogo kidogo kadiri unavyokata kona."

"Na mzigo ukimwagika?"

"Mzigo ni mimi, mama. Sina krimu."

Gangolf akapaza sauti kutoka uzioni: "Shemeji, rudi nyumbani, kahawa inapoa!"

"Inywe yote, usije ukasinzia ukinitazama!"

Mzunguko wa nne, kwenye kibao cha mita mia kabla ya kona, alikanyaga. Miwani ya Ewald ikaruka. Gari likasimama kabisa.

"Kona iko kule mbele," Ewald alisema taratibu.

"Naiona."

Mzunguko wa tano alikanyaga tena, pua ya gari ikainama. Sasa ikaja kazi ngumu: kuachia. Mguu ulitaka kuongeza, akaukatalia. Ukainuka polepole, gari likakata kona lenyewe, likatoka upande wa pili limetulia. Kona iliyofuata, vilevile. Na nyingine.

Ewald alitia saini fomu juu ya boneti.

"Twende mara moja tu tena," Irmtrud alimsihi.

"Nenda na Gangolf. Tumbo langu limeshastaafu."