Baba Aliponiuliza Kamera Iko Wapi

Macho ya baba yalipozimika kabisa, sisi watoto wake tulikubaliana bila kuambizana kwamba habari za filamu zisitajwe tena nyumbani. Tuliona ni ukatili kumwashia mtu televisheni asiyoweza kuitazama. Kwa miaka mingi baba alikuwa dereva wa lori la pamba. Alizunguka vijiji vya Bunda akikusanya mzigo na kuupeleka kiwandani, na starehe yake ilikuwa moja tu: kuingia kwenye banda la video, lile watu wanaloita kibanda umiza, na kukaa kwenye benchi lisilo na egemeo mpaka filamu iishe. Pombe hakunywa, mpira haukumshughulisha. Filamu za safari za angani ndizo zilizomteka. "Dereva anapendaga kuwaona madereva wenzake," alikuwa akitujibu tukimcheka.

Kwa hiyo Jumamosi moja, nilipofika Bunda kutoka Musoma ninakofundisha sekondari, tukala ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, na samaki, akanawa mikono na kusema, "Mama, niwekee filamu," nilibaki namtazama. Huwa ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake mzazi.

"Filamu gani, baba?"

"Ya angani. Weka yoyote. Masikio bado ninayo."

Nilikuwa na moja kwenye flashi, imetafsiriwa na mmoja wa wale madijei wanaosimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Nikaona hiyo ndiyo itakayomfaa mtu asiyeona. Dijei alikuwa hodari, kila mhusika kampa lafudhi yake, na baba alicheka mara mbili tatu. Ikafika mahali ambapo mwanamke fundi wa chombo anatoka nje, kwenye giza la angani, amefungwa kamba kiunoni. Filamu ikanyamaza. Dijei hakunyamaza. Aliendelea kutueleza unene wa kamba na hatari ya kukatika kwake.

"Huyu bwana anaongeaga sana," baba akasema. "Wenye filamu wamekaa kimya, yeye anasema nini?"

"Umejuaje kwamba wamekaa kimya?"

"Nyuma yake hakuna kitu. Tangu tumeanza nilikuwa nasikia injini, sasa siisikii. Huko nje hakuna hewa, sauti itapita wapi? Wenzake wanataka tuogope kwa huo ukimya, yeye anatutoa hofu."

Nikazima.

Wiki iliyofuata mwalimu mwenzangu alinipatia filamu ileile bila dijei, katika Kiingereza chake. Jumamosi nikakaa kwenye kochi kando ya baba, nikawa dijei mimi mwenyewe. Mama alikuwa mlangoni penye mwanga, ungo mapajani, anachambua maharage.

Hadithi yenyewe haikuwa ngumu. Chombo kimebeba mbegu na watu kwenda dunia nyingine. Watu wamelazwa usingizi wa miaka mingi, na fundi peke yake ndiye aliye macho. Umeme unapungua. Ili waliolala waendelee kupata hewa, inambidi azime taa za chombo, chumba baada ya chumba.

Nilianza vibaya. "Sasa fundi ana huzuni sana," nikasema.

Baba akanigusa goti. "Usiniambie ana huzuni. Niambie unaona nini. Huzuni nitaitafuta mwenyewe."

"Amekaa."

"Amekaa, sawa. Kamera iko wapi?"

Nimeangalia filamu tangu utoto wangu, na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Nikatazama upya. "Iko juu, baba. Darini. Inamtazama kutoka juu, na sakafu ni pana, imemzunguka pande zote. Anaonekana kama punje moja ya mtama iliyobaki kwenye sinia."

"Haya," akasema, akaegemea. "Sasa nimemwona."

Tukaendelea hivyo. Nilimwambia kwamba fundi akikumbuka nyumbani kwao picha inakuwa na rangi ya jua la saa kumi, na akirudi kwenye chombo kila kitu kinakuwa bluu.

"Bluu ya ziwa?"

"Hapana. Bluu ya sabuni ya mche."

"Ah. Basi huko alipo hapapendi."

Nilimwambia pia jinsi mkono wa fundi unavyonyooka kuzima swichi, na kabla haujaigusa, picha inakatwa, tunaona mkono mwingine, wa kizee, unapunguza utambi wa taa ya chemli. Hakuna aliyesema huo ni mkono wa nani. "Ni mama yake," baba akasema haraka. "Wameiunganisha mikono ili tujue anawaza nani." Mama akacheka kule mlangoni, akasema hajamsikia mzee akiongea hivi tangu msimu wa mvua.

Kisha ikaja sehemu ya ujumbe. Fundi anajirekodi ili awatumie wa nyumbani. Nikatafsiri maneno yake: mimi mzima, chombo kinakwenda vizuri, msiwe na wasiwasi. Nikaeleza ninachokiona. "Kamera iko karibu, uso wake umejaa kioo kizima. Una mwanga mzuri. Anatabasamu. Sasa kamera inarudi nyuma taratibu. Naona mabega yake. Naona meza. Inazidi kurudi nyuma. Kumbe taa iliyowaka ni hiyo moja tu ya mezani. Nyuma yake ni giza, baba. Korido yote ni giza, mpaka mwisho, na yeye bado anatabasamu."

Baba akanigusa goti. "Rudisha."

Nikarudisha, nikaeleza tena. Akataka tena. Mara ya tatu alikuwa ameinama, viganja juu ya magoti.

"Mdomo wake unasema ni mzima," akasema. "Kamera inamsema kwamba anadanganya."

"Ndiyo, baba."

"Siku ya harusi yako, kule Butiama, mimi sikukuona."

Kwanza nilidhani bado anazungumzia filamu. Mikono ya mama ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Hukuniona vipi? Si ndiye uliyenipeleka mpaka madhabahuni?"

"Wewe ndiye uliyenipeleka. Nilikuwa naonaga kipande kidogo tu hapa katikati, kama unachungulia kwenye bomba. Kanisani ndani hata hicho kilipotea. Mama yako alinipitisha pale siku moja kabla, nikahesabu hatua."

Harusi yangu ilikuwa miaka saba nyuma. Nilikumbuka mkono wake kwenye mkono wangu, mzito, na mwendo wake wa polepole ambao watu waliusifu, wakasema mzee ana heshima. Nilikumbuka alivyolipapasa gauni begani akaniambia, "Umependeza." Nilikuwa nimeitunza hiyo siku miaka yote kama ilivyo, na sasa nikaiona kumbe ilikuwa na korido ndefu nyuma yake.

Hasira ndiyo iliyotangulia, siwezi kusema uongo. Ugonjwa wake ni presha ya macho, na daktari wa Musoma alitueleza wazi: kilichokwisha kupotea hakirudi, lakini ukiuwahi unauzuia. Tulimpeleka miaka miwili baada ya harusi, siku alipojikwaa kwenye ngazi ya mlango wake mwenyewe.

"Ungeniambia, baba. Kipande kile tungekiokoa."

"Najua, mama."

Nikamgeukia mama. "Na wewe pia ulijua."

Mama hakuinua uso. "Aliniapisha," akasema. "Na mimi nilikuwa naogopa. Nilidhani tukilitaja ndiyo litakuja kweli."

"Nilikuwa dereva," baba akasema. "Dereva asiyeona ni nani? Nilisema taa moja ikizimika, bado zipo nyingine. Ikizimika hiyo, nasema tena vilevile."

Nikaushika mkono wake. Kwenye televisheni fundi alikuwa amesimama palepale nilipomsimamisha, uso wake mdogo, mwanga wake mmoja. Tulikaa hivyo mpaka baba aliposema kwa sauti ya chini, "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Harusi. Sasa unajua kuonyesha."

"Nilivaa gauni jeupe, la mikono mirefu..."

"Hapana, hapana. Usianze na gauni. Anza mbali, halafu usogee."

Nikaanza mbali. Nilianza na vilima vya mawe vya Butiama, yale mawe makubwa yaliyopandana kama yamewekwa na mtu. Nikashuka mpaka paa la kanisa, bati lililopauka, na wanawake wa upande wa mume wangu uwanjani wakiwa na kitenge cha sare, rangi ya machungwa. Nikaingia mlangoni. Ukitoka kwenye mwanga wa nje, ndani palikuwa na giza kidogo kwa kila mtu, nikamwambia, hata kwa mwenye macho mazima. Nikamwonyesha watu wawili wanaotembea katikati ya mabenchi. Nikasogea: koti lake la kijivu, kifungo cha juu kimefungwa ingawa kulikuwa na joto. Nikasogea zaidi: mkono wake juu ya mkono wangu, na lesi imejikunja chini ya vidole vyake.

"Na uso wangu?"

"Ulikuwa unatazama mbele, juu kidogo ya vichwa vya watu."

"Machozi yalikuwa yanakutoka," mama akasema akimgeukia. "Shavu hili la kushoto. Mwenyewe hukuyafuta, mikono yako yote ilikuwa na kazi."

Baba akalishika shavu lake la kushoto, akaliacha.

Filamu tuliimaliza wiki iliyofuata. Mwisho wake hauonyeshi hiyo dunia mpya. Unaonyesha mwanga tu, unaingia kutoka upande na kupanda usoni kwa fundi. "Wamefika," nikasema. Baba hakukubali. Alisema mwanga wa namna hiyo unaweza pia kuwa moto, na kama wangekuwa wamefika kweli tungeusikia upepo. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Siku hiyohiyo aliniambia nikapimwe macho, kwa kuwa ugonjwa huu hurithiwa. Sikwenda mara moja. Alinipigia simu kila jioni mpaka nikaenda. Presha yangu ilikutwa imepanda kidogo, haijaharibu chochote. Nikapewa dawa ya matone kama ile aliyokuwa akijitia baba, na Jumamosi nikasafiri na kichupa hicho mpaka Bunda nikamwambia kila kitu kama daktari alivyokisema.

Hakulia wala kujilaumu. Alinyoosha kiganja. "Lete hiyo chupa." Akaipapasa, akafungua kifuniko kwa vidole viwili, akaniambia niketi chini mbele yake, kwenye mkeka, niegemeze kichwa kwenye magoti yake.

"Angalia juu," akasema, akivuta taratibu kope langu la chini. "Hulengi katikati. Ni hapa pembeni. Halafu funga jicho, bonyeza hapa kwenye pua, uhesabu mpaka sitini. Usiwe na haraka, mama."