Miaka 31 ya Kupima kwa Kamba

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi. Mama Pindo amepanda juu ya kigoda na kunyoosha mkono ukutani. Anaishusha kamba moja, anaipitisha katikati ya vidole viwili na kuhesabu vifundo bila hata kuangalia.

"Huyu juzi nimemwona amenenepa," anasema. "Nitamwachia nafasi kidogo ubavuni. Ila simwambii."

Ukuta mzima nyuma ya cherehani umejaa kamba nyembamba za pamba, kila moja kwenye msumari wake, kila moja imefungwa kipande cha kitambaa cha kumtambulisha mwenyewe. Chenye maua ya njano ni cha mwalimu mkuu mstaafu. Chenye mistari ni cha mama muuza vyombo. Kifundo kimoja ni bega. Viwili vilivyoshikana ni kifua, vitatu ni kiuno, vinne ni nyonga, na kamba yenyewe hukatwa kwa urefu wa mtu. Zote ziko 217, na aliyezihesabu ni mume wake, kwa kuwa mwenyewe hadi miezi mitatu iliyopita alikuwa hajui kusoma namba.

Mama Pindo ana umri wa miaka 56, na 31 kati ya hiyo ameimaliza akishona nguo za kike. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo lake halifumuki. Tepu ya kupimia anayo, tena nzuri, lakini miaka yote hiyo ilikuwa haifanyi kazi yoyote.

"Ilikuwa pambo," anasema na kucheka hadi anashika meza. "Naivaa shingoni kama mkufu. Mteja akiiona, roho yake inatulia."

Leo pambo hilo linakwenda kazini. Saa tatu ana mtihani wa cheti cha chama cha mafundi cherehani. Akifaulu, atakuwa mwalimu wa darasa la ukataji ambalo tawi lao linataka kulifungua. Akishindwa, darasa litapewa mtu mwingine, na yeye atarudi kwenye kamba zake.

Shule aliiacha akiwa darasa la pili, mama yake alipofariki na kumwachia wadogo watatu. Ufundi alifundishwa na shangazi yake, ambaye naye alipima kwa kamba. "Sikuwahi kumuuliza kwa nini," anasema. "Nilipokuja kuelewa sababu, ameshazikwa."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata katika nyumba hii ni Baba Randa, mume wake, seremala mwenye karakana mlango wa pili. Kila mteja alipoleta vipimo vilivyoandikwa, mzee huyu alizuka ghafla kuja kuomba maji ya kunywa. Alikichungulia kile kikaratasi na kukisoma kwa sauti kubwa: "Kiuno ishirini na nne! Mnamshonea nani, nyigu?" Jioni aliichukua futi yake ya useremala, akanyoosha kamba mpya juu yake na kufunga vifundo.

"Nimekunywa maji mengi sana katika ndoa hii," anasema Baba Randa.

Tawi la chama hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika darasa la shule ya chekechea. Wanachama ni ishirini na wawili, watu wazima na miili yao, wanakaa kwenye viti vyekundu vinavyoishia kwenye goti. Kabla ya mtu kuonyesha nguo nzuri aliyoshona, lazima kwanza aweke kosa lake la mwezi kwenye meza ndogo iliyo mbele. Wanaiita Meza ya Makosa. Mwandishi wa makala haya ameona hapo blauzi yenye mikono miwili ya kulia, na suruali iliyoshonwa mfuko ukafungwa mdomo. Sheria ni moja: hakuna kucheka mpaka mwenye kosa acheke.

Kwa miaka minne Mama Pindo alipeleka makosa madogo madogo, mara kifungo cha rangi tofauti, mara uzi uliochomoza. Mwenyekiti wa tawi, fundi suti ambaye wote wanamwita Mzee Kola, alianza kumtilia shaka.

"Nilimwambia, mama, haya ni makosa ya kuazima," anakumbuka mzee huyo. "Leta la kwako."

La kwake lilikuja lenyewe. Tawi lilipata kazi ya magauni arobaini ya wauguzi, kila fundi akapewa karatasi ya vipimo na vitambaa vyake. Wiki hiyohiyo Baba Randa alilazwa. Mama Pindo aliona haya kupeleka karatasi wodini, kwa mgonjwa mwenye dripu mkononi. Akabahatisha. Magauni matano yakatoka: moja lingemwenea mtoto, na jingine lingewatosha wauguzi wawili na mgonjwa wao.

Kikao kilichofuata aliyaweka yote matano mezani.

"Niliwaambia, kosa langu si haya magauni. Kosa langu ni kwamba namba sizijui. Zote. Tangu mnijue."

Hakuna aliyecheka, kwani mwenyewe alikuwa analia. Ndipo Mzee Kola aliposimama kutoka kwenye kile kiti chekundu, kwa taabu, akasema, "Mficha uchi hazai. Mama, umefanya vyema. Sasa tuambie, miaka yote hiyo umekuwa ukipimaje?"

Mama Pindo akatoa kamba mfukoni. Wakampa mwenzao mmoja ampime, kisha wakalinganisha na tepu zao. Haikupishana hata kwa unene wa kucha. Siku hiyohiyo wakakubaliana kwamba mwalimu wa ukataji awe yeye, kwa sharti kwamba apate cheti kwanza, kwa kuwa chama hakimpi darasa mtu asiye nacho. Wanachama waligawana siku za kumfundisha namba. Magauni waliyafumua na kuyashona upya pamoja, na lile kubwa kabisa likatoa mawili.

Kamba hizo zina mambo yake. Mwaka jana alikuja dada mmoja ambaye mama yake, mteja wa miaka ishirini, alikuwa amefariki. Hakutaka gauni. Aliomba kamba ya mama. Aliishika ncha moja, akaikanyaga ncha ya pili, akaitazama ilipoishia begani mwake. "Akasema, kumbe mama alikuwa mfupi hivi," anasimulia Mama Pindo, na hapo sauti yake inapungua. Kamba alimpa. Kile kipande cha kitambaa alibaki nacho, na bado kipo ukutani.

Saa tatu kamili, mbele ya wanachama wote, mkaguzi kutoka makao makuu ya chama amekaa kwenye kiti cha chekechea bila kulalamika. Wa kupimwa ni mpishi wa shule, mama mnene mwenye subira, aliyevua aproni yake kwa ajili ya shughuli hii. Kazi ni kupima, kuandika, kuchora, kukata na kushona blauzi.

Mama Pindo anazungusha tepu. Midomo inacheza. Anaandika bega, anaandika kifua, anaandika kiuno. Mzee Kola amesimama dirishani na hawezi kutazama. Baba Randa yuko nje, na safari hii hawezi kuingia kuomba maji.

Anaanza kuchora. Mstari wa kifua ukifika kwenye karatasi, mkono unasita. Anamtazama mpishi, anaitazama karatasi, anamtazama tena mpishi. Amefuata namba aliyoiandika mwenyewe, lakini jicho lake linakataa.

"Naruhusiwa kupima tena?" anauliza.

"Unaruhusiwa," anajibu mkaguzi.

Anatoa kamba mfukoni. Mzee Kola anafumba macho, maana alimsihi leo kamba ibaki nyumbani. Mama Pindo anamzungusha mpishi kifuani, anafunga vifundo viwili, kisha anailaza kamba juu ya tepu na kusoma polepole kwa sauti: "Arobaini. Na moja." Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika 14.

Mkaguzi anafungua kitabu cha kanuni na kukisoma kwa muda unaoonekana mrefu kuliko ulivyo. "Hapa wamesema mtahiniwa atumie kifaa cha kupimia," anasema mwishowe. "Hawajasema kipi. Endelea, mama."

Saa saba mchana mpishi anavaa blauzi, ananyanyua mikono juu, anainama kama anayekoroga sufuria. "Haivuti popote," anatangaza. Mkaguzi anakagua mishono ndani na nje, kisha anaweka saini. Mzee Kola anajifuta uso kwa kitambaa cha kwanza alichokiona, ambacho ni mkono wa koti la mteja.

Jambo la kwanza alilolifanya mwalimu mpya ni kwenda kwenye Meza ya Makosa na kuiweka ile karatasi yenye 14. Watu wote wakabana midomo.

"Kifua inchi kumi na nne!" akasema. "Huyo nilikuwa nampimia kuku." Akacheka yeye, na darasa zima likamfuata.

Darasa lake litaanza Jumatatu ijayo, na wanawake kumi na mmoja wameshajiandikisha. Anapanga kuwaanzisha kwa kamba, wiki mbili, kisha tepu. "Wazoee mwili wa mtu kwanza," anasema. "Namba zitakuja."

Watu walipokwisha kutoka, mpishi alikuwa bado anazungukazunguka mlangoni, aproni mkononi. Akamsogelea.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, na ilikuwa mara ya kwanza Mama Pindo kuitwa hivyo. "Mimi hapa napikia watoto sitini. Unga napima kwa kikombe, nahesabu kwa mbegu za mahindi. Namba sizijui, na hapa hakuna anayelijua hilo. Utanipokea?"

Mama Pindo alitia mkono mfukoni, akaitoa ile kamba na kumwekea kiganjani.

"Anza na hii, dada yangu," alimwambia. "Vifundo viwili. Hicho ndicho kifua chako, na kinasomwa arobaini na moja."