Msusi Barafu na mkono ulioanza kupoa tena

Saa mbili asubuhi, kabla hajashika kitana, msusi anaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya kioo. Mumewe, fundi viatu wa chumba cha pili, anaweka vidole viwili juu ya kifundo na kufumba macho.

"Yupo?" mke anauliza.

"Ngoja basi, mama watoto. Yupo. Mvivu, lakini yupo."

Wanautafuta mpigo wa damu.

Alipokuwa msichana, kuta za aota, mshipa mkuu utokao moyoni, zilivimba zikabana njia ya damu ya mkono huo. Ukawa baridi, ukachoka kila alipouinua. Akawa anasuka wateja wakiwa wameketi sakafuni. Wakamwita Barafu, siku za joto walimgombania.

Miaka kumi na moja iliyopita alipasuliwa kifua, akawekewa mshipa bandia wa kitambaa. Mkono ukapata joto, akasuka amesimama. Wakubwa wakaja wodini kupiga naye picha; gazeti hili bado linazo. Kisha wakaondoka na sifa zao. Hakuna aliyemweleza akaelewa kwamba kisu kilifungua njia tu, ugonjwa wenyewe umebaki. Hakuna aliyempigia simu, hata kwa bahati mbaya.

Mwaka jana akaacha vidonge vya kutuliza uvimbe alivyopewa hospitali.

"Vilininenepesha uso kama mto wa kulalia," anasema. "Nikajiona mzima. Mzima anameza dawa za nini?"

Aliyemshtua ni mteja wake wa zamani, katikati ya kusukwa: "Haa, Barafu umerudi! Uache huo mkono hapohapo shingoni, shoga, joto limenizidi."

Msusi akaweka kitana chini. Chumba cha pili, mumewe akaacha nyundo, akampeleka hospitali.

Vipimo vilionyesha mshipa wa kitambaa uko wazi, ila pale ulipoungwa uvimbe umeanza kubana upya. Amewahi kabla njia haijaziba. Sasa mumewe humpa vidonge mkononi na kusubiri ameze.

"Uso ukinenepa, anayeutazama ni mimi," anasema fundi viatu. "Nimelalamika?"

"Wewe huoni vizuri," mkewe anamjibu, lakini mkono hauondoi.

Ana mpango. Wodini alilala kati ya wanawake wawili wenye ugonjwa uleule, waliopasuliwa wiki ileile.

"Labda nao wameacha dawa, na hawana mteja wa kuwashtua. Hospitali haikuwatafuta. Nitawatafuta mimi. Nikiwapata, kabla ya salamu, nawashika mkono."