Ukanda wa Fosforasi, Ukanda wa Salfa

Kwa mama yangu, kila kitu kizuri kina makao mamoja: migombani. Majivu ya jikoni, samadi, maganda ya kakao, hata maji yaliyooshewa mchele, vyote vinaishia huko, na kwa kweli migomba yetu pale Ndandalo imenona mpaka wapita njia wanasimama kuitazama. Shamba la karanga lililo nyuma yake lilikuwa limeachiwa mvua na Mungu.

Shamba ni la mama, ila mkulima wa karanga ni mimi. Mvua zikianza napanda karanga, zikielekea mwisho napanda kunde. Na kila mavuno ilikuwa hadithi ileile: nang'oa shina, nabonyeza ganda, tupu. Mama akachoka. Akaotesha miche ya kakao kwenye viriba nyuma ya nyumba, akaniambia karanga zikianguka tena kakao inaingia. Kakao ikishaingia shambani haitoki, na mimi nisingekuwa na pengine pa kulima.

Basi nikaenda Kyela mjini kwa bwana shamba, mkononi nimeshika shina la karanga lililopauka, kama mzazi aliyepeleka mtoto kliniki. Akanieleza kwamba kichanga cha shamba letu kina njaa mbili. Kinakosa fosforasi, inayojenga mizizi na kujaza punje, na kinakosa salfa, ambayo mazao ya mafuta kama karanga huipenda sana na mvua huizoa upesi. Fosforasi, alisema, haina haraka ya kuondoka. Ukiziwekea kunde leo, karanga zitakuta kiporo. Nilifurahi na kiporo hicho njia nzima, mifuko miwili ya mbolea ikiwa kichwani.

Kesho yake asubuhi mfuko wa salfa ulikuwa mtupu. Mama, uso umemkunjuka, akaniambia amenisaidia kazi: ameimwaga yote migombani. Nilipandisha hasira, nikasema mengi, na salfa haikurudi. Nikachukua fosforasi nikaifukia kwenye mistari ya kunde, ukanda mmoja mpana kutoka juu ya shamba hadi chini.

Kunde zikaota sawasawa shamba zima. Mama kila akipita aliniuliza ukanda wangu uko wapi, maana macho yake yamezeeka. Mimi yangu hayajazeeka, na sikuuona.

Mvua mpya zilipokuja nikapanda karanga kila mahali. Nikanunua salfa nyingine kidogo, safari hii nikalala nayo chumbani, nikaiweka kwenye ukanda unaoukata ule wa kwanza katikati, mfano wa msalaba. Siku hiyohiyo mama akasogeza viriba vya kakao mpaka ukingoni mwa shamba, nisije nikajisahau.

Karanga zilipokaribia kutoa maua, nilifika shambani asubuhi moja mvua imekatika, nikauona. Ukanda wa zamani, ule wa kiporo, ulikuwa umekolea kuliko shamba lote. Ukanda wa salfa nao ulikuwa na nafuu yake. Lakini pale zilipokutana kanda hizo mbili palikuwa na mraba wa kijani kibichi kabisa, majani yameshikana hata udongo hauonekani. Nilipiga vigelegele peke yangu, kisha nikakimbia kumwita mama, nikicheka kama mwehu.

Mama aliuzunguka mraba ule polepole. Akasema majani si karanga. Hapo alikuwa na haki, na ile furaha yangu ikabidi ingoje mavuno.

Siku ya kuvuna aling'oa mwenyewe. Kwanza pembeni, kwenye udongo usiopata kitu: maganda matupu, kama kawaida. Kisha akaingia kwenye mraba, akavuta shina, likatoka na mzigo wake. Akabonyeza ganda moja, akabonyeza jingine, akaendelea tu, kama anayetafuta moja tupu la kumpa ushindi. Yote yalikuwa yamejaa.

"Ndaga fijo," aliuambia udongo. Shukrani nzito hiyo ya Kinyakyusa haikuwa yangu, lakini niliipokea.

Kisha akanigeukia. "Ile niliyomwaga migombani, haizoleki?"

Jioni akavirudisha viriba vya kakao nyuma ya nyumba. Asubuhi nilimwona akitoka zizini na ndoo ya samadi kichwani. Akafika migombani, akaipita.