Mtamba wa Mama na Kupe wa Nansio

Barua ya mama ilinifikia Mkuyuni, Mwanza, Jumapili jioni, mkononi mwa abiria aliyeshuka kwenye meli iliyotoka Nansio, Ukerewe. Parokia ilikuwa imempa mitamba wawili wa maziwa, ng'ombe wa kisasa ambao hawajazaa bado, na kwa mjane kama yeye hiyo ilikuwa bahati kubwa. Sasa aliandika: "Mmoja amekufa. Wa pili ameanza kukataa majani. Mafuru alikuja akawasifia na kuwapapasa, baada ya hapo ndiyo haya. Njoo."

Mzee Mafuru ni jirani yetu tangu sijazaliwa. Nilikuwa nafundisha sayansi shule ya msingi, na shule zilikuwa zimefungwa. Kesho yake asubuhi nilikuwa bandarini.

Ziwa lilikuwa tulivu. Saa zote tatu za safari niliwaza jambo moja: mama akishaamini kwamba Mafuru ana kijicho, kijiji kizima kitaamini.

Nansio, mchana. Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilimtafuta Bwana Rwegasira, mtu wa Bukoba aliyekuwa bwana mifugo wa serikali hadi alipopunguzwa kazi. Sasa alikuwa na kiduka cha dawa za mifugo karibu na soko. Nilipomweleza, alifunga duka hapo hapo, akafunga mkoba wake nyuma ya baiskeli.

"Ana tezi zilizovimba?" aliuliza.

"Sijamwona bado."

"Basi twende, Mwalimu. Ugonjwa huu haungoji."

Njiani tulipita josho la kijiji. Zamani ng'ombe wote waliogeshwa pale kila wiki, dawa ikitoka serikalini. Siku hizo kila mtu alitakiwa kujinunulia, na josho lilikuwa limekauka. Majani yalikuwa yamestawi pembeni, marefu na mabichi.

Nyumbani, alasiri. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mwangalie mwenyewe." Mtamba alisimama bandani ameinamisha kichwa, anapumua kwa kasi. Bwana Rwegasira alimpima joto, akagusa uvimbe chini ya sikio, mwingine mbele ya bega. Kisha akaligeuza sikio na kuniita.

Nilisogea. Ndani, kwenye manyoya, walikuwa wameng'ang'ania kupe wa rangi ya kahawia, wadogo kuliko punje za ulezi.

"Ndigana," alisema, akivuta dawa kwenye sindano. "Hawa ndio walioileta."

"Wanazaliwa nayo?" niliuliza.

"Hapana. Kupe akitoka kwenye yai hana ndigana. Ananyonya ng'ombe mwenye vijidudu, anashiba, anadondoka. Anajificha majanini, anabadilisha ngozi, anakua. Halafu anapanda majani, anamngoja ng'ombe mwingine. Vijidudu anavyo kwenye mate. Akishauma, vinakomaa siku mbili tatu ndipo vinaingia. Ukimwondoa mapema, umemuwahi."

Nilitaka kuuliza mengine kumi, ila mama alitangulia. "Huyu hatoki bandani. Namkatia majani mwenyewe. Kupe amempata wapi?"

"Unakata wapi, mama?"

"Kule joshoni. Ndiko kwenye majani mazuri."

"Na ng'ombe gani wanachunga kule?"

"Wa Mafuru. Lakini wake wazima, wanene!"

"Wa kienyeji wengi huugua wakiwa ndama. Anayepona anabaki na vijidudu damuni, wala huwezi kumjua. Huyu wako hajawahi kukutana na ugonjwa huu."

Mama aliutazama mzigo wa majani aliokuwa ameuleta asubuhi ile, akakaa juu ya kinu kilicholala.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewaletea," alisema. "Kila siku, kichwani kwangu."

Nilikwenda kumkatia mtamba majani upande wa pili, karibu na shamba letu la mihogo, ambako ng'ombe hawapiti, na mama akaja kunisaidia.

Siku ya tatu. Homa ilishuka. Mtamba alinyanyua kichwa, akala jani zima la mgomba, akalilia jingine. Mama hakucheka. Alijifunga khanga, akaniambia nimsindikize kwa Mafuru.

Mzee alikuwa anasuka kamba uani.

"Mafuru, nimekuja kukuomba radhi," mama alisema akiwa bado amesimama. "Nilikutaja vibaya kwa watu. Nitarudi kwao mmoja mmoja niwaambie nilikosea."

Mzee hakuacha kusuka. "Nilisikia," alisema. "Ndiyo maana siku hizi nazunguka, sipiti kwako." Kisha akanigeukia mimi. "Sasa Mwalimu, ni kweli ng'ombe wangu wamebeba huo ugonjwa?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kamba chini, akaenda kwenye zizi lake na kugeuza sikio la fahali. Mama alimfuata. Niliwaacha wote wawili wameinamia sikio hilo, wakibishana yupi ni kupe na lipi ni tope.

Mwanza, Ijumaa jioni. Nilipanda mlima kurudi chumbani kwangu, viatu vikiwa bado na udongo wa Ukerewe. Miaka yote nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba kupe hunyonya damu, nikafunga somo hapo. Sikuwahi kujiuliza anaacha nini mahali alipouma, wala aliuma wapi kabla ya hapo.