Mvua ya Siku ya Lori

Raya wa Mafiga kazi yake ni kutengeneza mbingu ndani ya kompyuta. Ndivyo mama yake anavyowaeleza majirani, na si mbali na kweli. Raya ni mtafiti kijana wa tabianchi. Huandika hesabu ndefu ziitwazo modeli, na ndani ya hesabu hizo upepo hupanda milima ya Uluguru, ukapoa, ukawa wingu, ukanyesha. Hesabu zikikubaliana na mvua iliyonyesha kweli, hapo ndipo unaweza kuziuliza habari za miaka ijayo.

Kwa mvua ya Dakawa, kule tambarare, zilikubali. Kwa ya Mgeta, kule milimani, zikagoma. Kipima mvua cha Mgeta, kile kinachotuma vipimo chenyewe kwa mtandao, kilisema mvua inanyesha hata katikati ya kiangazi, tena siku zilezile za wiki. Modeli ilisema kukavu.

"Ama modeli yako ina kasoro, ama Mgeta wana mbingu yao," alisema Dakta Mansuri, msimamizi wake. "Ripoti inakwenda mwisho wa mwezi. Ikishindikana, Mgeta tunaitoa."

Raya hakutaka itolewe. Mboga zinatoka kule. Ukiwaacha wakulima wale, unamtabiria nani? Akapanda bodaboda kwenda Mgeta, na kwenye miinuko akashuka kuisukuma.

Kipima mvua kilikuwa uani kwa Bibi Yuliana, mkulima wa liki, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu, kimezungushiwa uzio wa waya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumwona mtoto wenu? Mzima huyo. Mbuzi hajamgusa."

Kweli kilikuwa safi. Raya akakimwagia maji kukijaribu, kikahesabu sawasawa. Basi kasoro ni ya modeli.

Akapewa kigoda, chai na kiazi. Ilikuwa siku ya lori, na Bibi Yuliana na binti yake Prisca walikuwa wakiosha liki za kupeleka Dar. Liki hazipakiwi na maji yake, zitaozea njiani. Basi Prisca akabeba mafungu, akayatundika juu ya ule uzio, majani yakining'inia ndani, mengine juu kabisa ya mdomo wa kipima mvua. Maji yakaanza kudondoka. Ti, ti, ti.

Raya akaacha kutafuna.

"Bibi! Mnachujisha hapo kila mara?"

"Kila siku ya lori. Waya wenu mzuri, unapata upepo. Kwani vibaya?"

Raya akacheka mpaka chai ikamwagika. "Bibi, mmeninyeshea kiangazi kizima! Kompyuta imechanganyikiwa kule mjini."

"Ee! Mimi niliishia darasa la nne, kumbe liki zangu ziko chuo kikuu!" Halafu bibi akaacha kucheka. "Sasa wamekufukuza?"

"Bado."

"Prisca, toa hizo haraka! Mtoto wa watu atakosa kazi."

Kabla lori halijapiga honi walikuwa wameshakata mianzi na kusimamisha kichanja upande wa pili wa ua.

Mjini, Raya akaziondoa siku za lori kwenye vipimo. Kwenye grafu, mstari wa modeli na wa kipima mvua, iliyokuwa imenuniana, ikaanza kutembea pamoja. Dakta Mansuri akaitazama, akakuna kidevu. "Liki?" akauliza. "Nitaamini nikipata shahidi."

Siku moja kabla ya ripoti, kipima mvua cha Mgeta kikaanza kuhesabu tena. Ilikuwa siku ya lori.

"Enhe?" alisema Dakta Mansuri. "Kichanja kimevunjika?"

Simu ya Raya ikaita. Akaiweka sauti ya wazi, na chumba kikajaa mshindo wa mvua juu ya bati.

"Raya!" Bibi Yuliana alikuwa akipiga kelele. "Usije ukazisingizia liki zangu! Hii ya leo ni ya Mungu mwenyewe, nimelowa mpaka kilemba! Lori lenyewe limekwama!"

Dakta Mansuri akainamia meza, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Shahidi nimemsikia. Mwambie bibi," alisema alipopata pumzi, "Mgeta inabaki."