Pampasi Hazichomwi

Ugomvi wetu wa kwanza, mimi na mama mkwe, ulikuwa juu ya joto. Alikuwa ametoka kwao Kigamboni kuja kwetu Madale kunitunza baada ya kujifungua, na mwanangu wa kike hata arobaini alikuwa hajaifikisha. Siku hiyo bati lilikuwa likilia kwa jua na mtoto ametoka vipele shingoni. Nikasema, huku nikimpepea, kwamba haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi. Sekondari nilikuwa kwenye klabu ya mazingira, na hadi leo jambo hilo likitajwa siwezi kunyamaza, hata nikilitaja mwenyewe.

"Dar lini ikawa na baridi?" akaniuliza. "Joto la Mungu hili. Nyie mnasikiliza sana redio."

Nikamtajia mvua za vuli, siku hizi zinakuja zikijisikia. Nikamtajia mivinje iliyoangushwa na bahari huko huko kwao. Akasema bahari huenda na kurudi, na mie mtu wa Masasi, niliyeiona bahari ukubwani, nisimfundishe. Hasira zangu ziko karibu. Nilikwenda jikoni nikagongagonga sufuria mpaka mtoto akaamka.

Kuna jambo moja ambalo hatukubishania, kwa sababu hakunipa nafasi. Pampasi za mtoto hazichomwi. Majirani zetu wote wanachoma taka, maana gari la taka hupanda mlima wetu linapojisikia, na uani tumesakafia, hakuna pa kufukia kitu.

"Ukichoma choo cha mtoto, umemchoma mtoto," alisema, kwa sauti ya mtu anayekuambia chumvi imeisha.

Nilitaka kucheka nikajizuia. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha mwanangu na kumkanda, na likizo yangu ya uzazi ilikuwa inakwisha. Akiondoka kwa hasira sina wa kumwachia mtoto, na nisiporudi kazini kodi hatuiwezi. Basi kila alipokwenda kwao kuangalia nyumba, aliondoka na mfuko wa unga wa ngano umejaa pampasi, kaufunga mdomo kwa kipande cha pindo la kanga yake ya zambarau. Nilidhani huko kwao kuna dampo. Sikuuliza. Nilishukuru tu kwamba hazimo ndani.

Mtoto alipochangamka kidogo tukaenda naye Kigamboni. Tulivuka kwa pantoni asubuhi, na maji yalipokupwa mama mkwe akanichukua pwani anionyeshe alikokuwa akiokota kombe tangu utoto wake. Kombe hatukuziona. Tuliona chupa, vifuniko, ndala za mguu mmoja mmoja na vipande vya nyavu.

"Bahari hii imetulea sie," alisema. "Watu wa siku hizi hawana haya, wameigeuza jaa."

Nilimwitikia kwa moyo wote. Nikaongezea yangu, naye akaongezea yake, tukawasema watu hao tusiowajua mpaka tukachoka. Tangu niolewe hatukuwahi kuwa upande mmoja namna ile, nami nilifurahi kweli.

Kisha nikauona mfuko wa ngano umenasa kwenye mwani, umevimba, umefungwa kwa pindo la zambarau.

Nilipogeuka kumtazama alikuwa keshauona. Alichukua kijiti akajaribu kuusogeza, ukapasuka, yakatoka madonge meupe kama uji uliolala.

"Nilitupa maji yanatoka," akasema. "Nilijua yanakwenda mbali. Maji hayamdhuru mtoto."

Huyu ndiye aliyewasema watu njia nzima, nami ndiye niliyeitikia, na pampasi ni za mwanangu. Nilisubiri hasira zangu za karibu, hazikuja. Hata leo sijui nilichokuwa nakihisi pale. Aibu ilikuwamo, na hamu ya kucheka, na kitu kingine.

Akakaa kwenye jiwe. Akasema mume wangu si mwanawe wa kwanza. Kabla yake alikuwapo mtoto wa kike. Jirani alikuja kumsaidia kufagia uwanja akachoma taka pamoja na nepi chakavu za mtoto. Siku ya pili mwili wa mtoto ukawaka homa, na kabla hawajavuka naye kwenda hospitali akawa ameshafariki. Mume wangu hajawahi kunieleza habari hiyo, na nilivyomwelewa mama yake, yeye mwenyewe haijui.

Sentensi yangu ilikuwa tayari kichwani: Mama, homa ile ilikuwa ya mbu. Nilikuwa na hakika nayo. Badala ya kuitoa nikabaki nampigapiga mgongoni mwanangu ambaye hakuwa akilia.

"Basi motoni hapana, na baharini hapana," mama mkwe akasema mwishowe. "Tutafanyaje?"

Alikuwa akiniuliza kweli, si kunitega. Klabu ya mazingira haikufika huko.

Jibu alilipata mwenyewe jioni ile, alipofungua sanduku lake akatoa kanga kuukuu akaanza kuzichana nepi. Ile ya zambarau nayo ikaenda. Tulirudi Madale na furushi zima. Maji kwetu hutoka kwa mgao, na kila tulipofua yeye aliwalaumu wenye bomba, mimi nikalaumu ukame na tabianchi, tukibishana hivyo huku mikono yote minne imo kwenye beseni moja. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Hakuondoka pia, nami nikarudi kazini.

Juzi alikwenda kwao kwenye msiba. Nilimpeleka mtoto kliniki, na kwa safari nikamvalisha pampasi, moja tu. Tuliporudi jirani yangu alikuwa amewasha moto wa taka.

"Lete na yako, sista, umalizane nayo," akaniita.

Nilikuwa nimeishika mkononi. Mama mkwe hayupo na hatajua. Mimi siamini mambo yale, hata sasa ninavyoandika siamini. Nilisogea mpaka nikausikia moto usoni. Nikamwambia jirani nitaileta baadaye, nikaitundika ukutani ndani ya mfuko wake, na sijui mpaka sasa nitaipeleka wapi.

Kisha nikaingia ndani kumshika mtoto paji la uso. Lilikuwa na uvuguvugu wa kawaida wa mtoto aliyelala. Moto wa jirani ulipozimika, mkono wangu ulikuwa bado uko pale.